Baruti Moja kwa Bunduki Tatu

Shangazi yangu alikuwa na bunduki tatu na jicho moja. Nikisema hivyo watu hudhani natia chumvi, na siwalaumu, maana niliwahi kuwaapia wenzangu wa shule ya jioni, pale nilipomaliza kidato cha nne nikiwa na mvi nyingi kumshinda mwalimu wa hisabati, kwamba mbu wa Mishomoroni wana kadi za kupigia kura. Lakini hili la shangazi halina chumvi hata punje. Jicho la kushoto ugonjwa wa sukari ulikuwa umelifunika ukungu. La kulia ndilo lililobaki, na bahati yake ndilo la kulengea.

Yeye na mumewe, niliyemwita mjomba, walishuka pwani wakiwa vijana, mjomba akaajiriwa bandarini, wakajenga Mtopanga. Mimi walinilea wao. Nyumba nyingine Jumapili baada ya kanisa walikula pilau wakalala. Kwetu watu wawili walivaa kofia wakaenda kiwanja cha shabaha. Mjomba alianza, shangazi akamfuata ili, kwa maneno yake, amwone huyo mwanamke anayeitwa Shabaha ni nani. Mwaka haukuisha alikuwa anampiga mumewe pointi mbele za watu.

Mjomba alipofariki tulimpeleka kuzikwa kwao bara, mbali. Hapa Mombasa hakubaki na kaburi. Ilibaki bunduki yake, ile ndefu, ambayo kibali chake kilihamishiwa jina la shangazi baada ya safari za ofisini zisizohesabika. Akawa nazo tatu: ndogo yake, ya kati yake, na ndefu ya mjomba. Jumapili alianza na hiyo ndefu kila mara. Alisema kitako chake bado kina harufu ya mafuta ya nywele ya yule bwana. Nilinusa siku moja nikamwambia harufu hiyo inafika mpaka Likoni. Akanijibu neno alilonijibu tangu utotoni, kila nikizidisha:

"Punguza."

Sasa, risasi za ile ndefu zilikuwa zimekoma kuletwa madukani tangu mjomba yu hai. Njia ilikuwa moja: kuyachukua maganda yaliyokwisha kupigwa na kuyajaza upya. Klabu ilikuwa na kibali cha kazi hiyo na chumba chake, chenye meza, mizani, na kabati la chuma la kuwekea mikebe ya baruti. Mimi sikuruhusiwa kugusa kitu. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye stuli na kumsomea shangazi maandishi ya mikebe, kwa sauti, kama msoma taarifa ya habari.

Asiyezijua baruti ataona zote ni moja. Ni punje nyeusi zenye kijivu, mfano wa majani ya chai yaliyosagwa. Lakini ganda dogo lataka baruti inayowaka upesi, na ganda kubwa lataka ile ya polepole, inayoisukuma risasi kwa subira. Ukitia ya upesi kwenye ganda kubwa, bunduki inaweza kukupasukia usoni. Ndiyo maana mjomba aliweka sheria: mkebe mmoja tu mezani. Ukimaliza kujaza, baruti iliyobaki kwenye kipimo irudishe mkebeni, ufunge, upeleke kabatini, ndipo uchukue mwingine. Shangazi aliishika sheria hiyo kuliko amri za kanisani.

Jumamosi ile nilichelewa kufika kutoka Junda, nilikokuwa nikikaa. Nilimkuta amekwisha kuanza bila mimi, ameinamia meza, pua yake karibu kugusa mizani.

"Umetoka Junda kwa magoti?" akaniuliza.

"Shangazi, barabara imefurika, nimepita samaki wakisubiri kuvuka."

"Punguza. Nisomee huu mkebe, niurudishe."

Nikausoma. Ulikuwa mkebe wa baruti ya polepole, ya bunduki ya mjomba. Nikausoma tena, kisha nikatazama maganda yaliyopangwa mbele yake, yamejazwa tayari. Yalikuwa maganda madogo.

Sikusema kitu, na mimi kunyamaza ni tukio. Akageuza uso.

"Nini?"

"Haya madogo umeyajaza kwa mkebe upi?"

Mkono wake ukaenda kabatini ukapapasa. Mkebe wa baruti ya upesi ulikuwa pale, mahali pake, umefungwa vizuri. Alikuwa ameutumia na kuurudisha mapema, kabla ya kumwaga mabaki ya kipimo. Kisha, akidhani bado ndio ulioko mezani, akayamimina mabaki hayo ndani ya mkebe alioutoa baada yake. Baruti ya upesi ilikuwa imeingia kwenye ya polepole. Mkebe ule ulikuwa wa mwisho, na mwenye duka alikwisha kutuambia aina hiyo haagizi tena.

Punje zikishachanganyika hakuna chekeche wala malaika wa kuzitenganisha. Shangazi alitia kidole ndani ya mkebe akaziviringa taratibu, kama apimaye mchele.

"Ni lini nilifungua mikebe miwili?" aliuliza, wala hakuniuliza mimi.

Msimamizi wa kiwanja, mzee wa Kisauni mwenye adabu zake, aliingia akatukuta mezani. Alimwamkia shangazi kama kawaida yake, "Shikamoo, mama," ingawa nadhani yeye ndiye mkubwa. Shangazi akaitikia marahaba, kisha akamweleza yote bila kujitetea.

"Nimeamua kubaki na baruti moja," akamalizia. "Kabatini niwe na mkebe mmoja tu. Hata nikiwa kipofu wa kuongozwa, nisiweze kukosea."

"Moja ya kulisha zote tatu?"

"Wewe ndiye mwenye kitabu. Nitafutie."

Mzee alikaa na kitabu cha vipimo kutwa nzima. Ya upesi aliikataa pale pale kwa sababu ya bunduki ndefu. Ya polepole ilikuwa imekufa mkebeni. Ikabaki baruti ya kati, isiyo na haraka wala uvivu. Kwa bunduki ndogo ni nzuri, akasema, kwa ya kati ni nzuri mno. Kwa ndefu, kitabu kinairuhusu kwa kipimo kidogo.

"Haitaiumiza bunduki, wallahi. Ila kama itakwenda unakotaka wewe, mama, hilo kitabu hakisemi. Utaliona shabahani."

Shangazi alijua maana yake. Kibali cha ile ndefu kilikuwa karibu kwisha, na kukihuisha ni lazima aoneshe kuwa bado anaitumia. Ikiikubali baruti ya kati, ingebaki. Ikiikataa, hana cha kuilisha, na bunduki isiyolishwa hurudishwa polisi.

Jumapili iliyofuata aliketi penye meza ya kulengea, mto wa mchanga chini ya mtutu. Ndogo ilipiga vizuri. Ya kati ilipiga vizuri kupita ilivyopata kupiga. Nilikuwa nimeshika darubini, namtangazia kila risasi, nikamwambia matundu yamekaribiana hata funza hapiti katikati.

"Punguza," akasema, lakini alikuwa anacheka.

Kisha akaiomba ndefu. Aliweka shavu kwenye kitako, akakaa hivyo kitambo kuliko kulenga kunavyohitaji. Akapiga, akapumua, akapiga tena, mpaka akamaliza. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, mlio wa mtu anayekohoa asiwaamshe watoto.

Akaweka bunduki chini.

"Haya. Leo usinipambie. Zimekwenda wapi?"

Kwenye darubini niliyaona matundu. Moja lilikuwa kwenye fremu ya mbao, mawili chini kabisa ya karatasi, mengine sikuyaona popote. Na wallahi, mimi niliyewahi kusema nyanya za mama mmoja wa Junda ni kubwa kama watoto wa darasa la kwanza, uongo ulikuja mwenyewe mpaka kwenye meno. Jicho lake lisingefika kule. Angenisadiki, akarudi nyumbani na bunduki ya mumewe. Na Jumapili zote za mbele angekaa hapo akipiga udongo, na mimi nikimsomea mabao.

"Zimeshuka, shangazi. Zimetawanyika. Katikati hakuna hata moja."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akapitisha kiganja juu ya kitako, mara moja, kama mtu afutaye meza.

"Basi," akasema.

Tuliipeleka polisi sisi watatu, mimi, yeye na msimamizi. Askari wa ghala aliipokea kwa heshima, akasoma namba, akaomba sahihi, akauliza kama kuna kitu kingine. Shangazi akasema hakuna. Tulipofika nje aliushika mkono wangu, na yeye hakuwa mtu wa kushikwa mkono. Tulikwenda hivyo mpaka Mtopanga. Nilijaribu kichekesho kimoja hivi, kikafia njiani.

Mkebe ulioharibika msimamizi alitwambia usichomwe. Baruti ya namna hiyo hutawanywa nyembamba kwenye nyasi, na mvua huifanya mbolea. Shangazi aliitawanya mwenyewe, pale kiwanjani, kandokando ya mahali mjomba alipokuwa akiweka kiti chake, anarusha kidogo kidogo kama analisha vifaranga.

Mvua za masika zilipopita tulirudi. Siku hizo hata jicho la kulia lilikuwa limeanza kuingia ukungu, na bunduki mbili zilizobaki hakuzigusa. Alikuja kukaa tu. Alisimama pale alipoitawanya baruti.

"Zimeota?"

Nyasi zilikuwa zimeota, kijani kibichi, urefu wa kidole.

"Zimenifika kiunoni, shangazi," nikasema. "Ng'ombe akiingia hapa tutamtafuta kwa king'ora."

Nikasubiri lile neno lake. Alitikisa kichwa polepole, ameridhika, wala hakuinama kupima.

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana."