Mlinzi na Mateka Wake Kliniki ya Macho

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya kliniki ya macho hapa Kigoma. Pembeni yangu alikaa fundi cherehani mmoja wa Rusimbi, mzee aliyekimbia vita ng'ambo ya ziwa miaka mingi iliyopita. Mzee mwingine, aliyekuwa karibu kuwa kipofu kabisa, akamuuliza nesi kama zamu yake imefika. Fundi alipoisikia sauti ile akashtuka.

"Mzee, wewe ulikuwa mlinzi kule kambini," alimwambia taratibu. "Mimi nilikuwa mateka wako."

Yule mzee akaugeuza uso kuifuata sauti. Kisha akauliza, "Wewe ni yupi? Mlikuwa wengi."

Nilidhani atapigwa. Fundi aliniambia baadaye kwamba miaka yote hiyo alikuwa akipanga atakachomfanya wakikutana. Badala yake aliunyoosha mkono wa kushoto, akauweka kwenye kiganja cha yule mzee. Naye akavipapasa vidole kimoja kimoja, mpaka akavifikia viwili vilivyopinda.

"Nakukumbuka," alisema. "Nilivivunja mimi. Nisamehe, ndugu yangu."

Fundi akauondoa mkono wake. Lakini nesi alipomwita yule mzee, ni fundi aliyemshika kiwiko na kumfikisha kwa daktari.

Aliporudi nilimuuliza kama amemsamehe.

"Bado," alisema. "Ila angejigonga ukutani."

Wahubiri wetu hutaka msamaha umalizike siku hiyohiyo. Fundi yule hakuwa ameumaliza, na nilimheshimu zaidi kwa kutonidanganya.