Mche wa Mkoko Ulioniangusha

Mwaka uliotangulia vita vya Wajerumani, mvua ilitunyima mara tatu. Nilikuwa nimetoka mjini Malindi nikaolewa Tezo, na mtama wetu kila ukichipuka ulinyauka. Mume wangu alipotaka kupanda mara ya nne, nilikificha kibuyu cha mbegu chini ya kitanda.

"Hizi tutazila," nikamwambia.

Siku zile nilikuwa nikisali kwa mazoea tu. Kuomba nilikwisha kuacha. Sikumwambia mtu, lakini mavyaa, mama yake mume wangu, alikuwa na macho. Asubuhi moja akanipa kikapu.

"Twende horini, mwanangu, tukatafute chaza."

Mwanamke wa mjini mimi, matope ya mikokoni kule kwenye mkono wa bahari sikuyajua. Hatua chache tu, nikazama hadi magotini. Mavyaa, pamoja na uzee wake, alikuwa akipita juu ya mizizi kama yuko barazani kwake. Nikapapasa cha kushika, nikapata mche wa mkoko, mwembamba kama kidole, una majani mawili tu. Nikauvuta. Haukutoka. Nikauvuta kwa nguvu zangu zote; ukaniponyoka, nikaanguka chali, puu! Leso, kikapu, vyote matopeni.

Mavyaa alicheka hata akakaa. Nami, na hasira zangu, nikacheka.

"Mche huo haujatimiza miezi mitatu," akasema. "Na bahari huufunika mara mbili kila siku."

"Na haufi?"

"Si umeuvuta wewe? Umekufa?"

Tulijaza chaza kikapuni, lakini macho yangu yalikuwa palepale. Maji yalianza kurudi, yakaupanda ule mche polepole, na vile vijani viwili vikazama vikiwa wima. Nikaona haya. Mimi nilifunikwa mara tatu tu.

Nyumbani nilioga, nikasali adhuhuri, nikainua mikono nikaomba kwa moyo wangu wote. Kisha nikakitoa kibuyu. Mume wangu aliitazama leso niliyoianika.

"Umeanguka?"

"Nimeanguka. Haya, twende shamba."

Mvua ilichelewa, na haikuwa nyingi. Tulivuna nusu ya shamba, tukashukuru kama tumevuna lote. Mavyaa alipika uji wa mtama kwa tui la nazi, tukaita majirani. Mmoja alikunywa mabakuli manne, akaomba la tano.

"Kunywa, baba," mavyaa akamwambia, "ila kesho uje utusaidie kupura."