Kizimba cha Taa

Abasi alikuwa fundi bati wa Rumonge, mtu wa maneno machache. Tangu ghala la tajiri mmoja wa nguo liungue, hakuweza kupita penye taa isiyo na kinga bila kusimama. Mtumba ulikuwa umeangukia taa, chemni yake ya kioo ikapasuka, moto ukashika majora. Mkewe Mariyamu, aliyekuwa akishona humo, alitolewa hai, ila vidole vya mkono wake wa kulia vilijikunja na havikunyooka tena.

Basi ilipotoka amri bomani Usumbura, kwamba kila taa ya ghalani au penye mafuta ivishwe kizimba cha waya, wengi walinung'unika, yeye alishukuru. Alisuka vizimba vya waya mnene, akavikaza kwa lehemu visiweze kutoka. Alimwambia Mariyamu kwamba mzembe hapewi nafasi.

Siku si nyingi, Asiya, muuza mafuta ya mawese wa kijiji cha Kizuka, akaja na taa yake. Kizimba kilikuwa kimeng'olewa kwa kisu cha samaki.

Damu ikamchemka Abasi. Akamuuliza kama amesahau yaliyompata Mariyamu, na kama anangoja askari aje amfunge. Asiya alimwacha amalize.

"Sijasahau, fundi. Ni mimi nilimuuguza," akasema. "Lakini masizi yanajaa kwenye kioo, na mukono haupiti. Nikimimina mawese sioni kama mutungi umejaa. Yanamwagika, nateleza, na taa iko mukononi. Sasa hatari iko wapi?"

Abasi akaipokea ile taa. Alipofika nyumbani aliitazama taa yao wenyewe, ambayo nayo aliivisha kizimba, akaona kioo kimekuwa cheusi kama chungu. Akamuuliza mkewe mbona haifuti. Mariyamu akachukua kitambaa, akajaribu kukipenyeza kati ya nyaya kwa vidole vyake vilivyojikunja. Kikanasa. Akakiacha palepale.

"Nilidhani hukutaka niiguse tena," akasema.

Neno hilo lilimkaa moyoni. Alikuwa amepigana na moto akasahau wanaoishi na taa. Hasira yake ndiyo aliyoisuka, akaita ulinzi.

Akasuka kizimba kingine, chenye kilango na ndoano pana, ya kuvutwa hata kwa kidole kisichonyooka. Asiya alikifungua, akafuta kioo, akafunga, akakitikisa kwa nguvu. Akasema hiki kitakaa.

Abasi akazunguka nyumba hadi nyumba kufumua vizimba alivyovikaza. Si wote waliokuwa navyo bado. Kwa mvuvi mmoja alikuta kizimba kimetandazwa juani, ndagala, dagaa za ziwani, zinakauka juu yake. Akacheka peke yake njia nzima.

Mariyamu akawa anafuta taa kila siku kabla ya magharibi, polepole, kitambaa kikimponyoka na kuokotwa. Mwanzoni Abasi alinyoosha mkono kumsaidia. Baadaye alijifunza kukaa tu, akamngoja awashe.