Ngozi kwenye Ulimi wa Kengele

Kabla ya kushika kamba, mpiga kengele mkuu huvua pete yake ya ndoa, akaitia mfukoni, kisha akakohoa. Wenzake wanajua hiyo ndiyo amri ya kuanza. Akifa mtu kijijini, yeye ndiye hupanda mnarani kufunga ngozi upande mmoja wa ulimi wa kengele kubwa, ili pigo moja lilie na la pili lisikike kama limetoka mbali. Mkewe, Enid, alizikwa kwa mlio huo, katikati ya Kwaresima. Asubuhi ya Pasaka, kanisa limejaa maua, kengele ikalia vilevile. Kasisi Prudence akamngoja chini ya ngazi.

“Mzee wangu, umesahau kuitoa ile ngozi.”

“Sijasahau, Mchungaji. Kila siku napanda kuitoa, nashuka sijaitoa.”

Kasisi alipomshika mkono, aliikuta pete kidoleni, na kidole kimechubuliwa na kamba.