Sabuni, Boraksi na Sakafu ya Mama Kulwa

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa beseni, kisu butu, mche wa sabuni na kopo la boraksi. Nilikuwa nimevaa shati la kanisani, nikidhani kazi ya mawe mazuri hufanywa mezani. Fundi Mkuu wa karakana ile ya Maganzo aliniangalia kuanzia kola hadi viatu, akacheka peke yake.

"Vua hilo shati, kijana," alisema. "Hapa utafua, ila nguo zenyewe ni ngumu kidogo."

Vijana wanaokuja kuniuliza habari za kazi hii hutaka kujua mng'aro unatoka wapi. Nitawaeleza, ila wavumilie, maana mimi siku hizi nina la kusema zaidi ya mng'aro.

Mawe yetu yalikuwa akiki, jaspi na kwatzi, mengine yakiletwa na wachimbaji waliotafuta almasi wakaambulia hayo. Tuliyatia kwenye pipa lenye bitana ya mpira pamoja na maji na chenga za msasa, mota ikalizungusha usiku na mchana kwa wiki nzima na zaidi. Tulianza na msasa mnene, tukaja wa kati, tukaja laini, tukamalizia na unga wa kung'arishia ambao ukiushika husikii chochote vidoleni. Kati ya hatua na hatua kila kitu kilioshwa, kwa sababu punje moja ya msasa mnene ikijificha kwenye ufa wa jiwe itayachora mawe yote ya pipa. Kazi ya mwezi mzima huharibika hivyo, na nimemwona mtu mzima akilia kwa ajili hiyo.

Hapo ndipo ilipoingia sabuni yangu. Boraksi si kitu kigeni kwetu. Wachoma dhahabu wa Mwakitolyo huinyunyizia wanapoyeyusha, ili takataka zijitenge. Sisi tuliitumia kwa sababu maji ya visima vyetu ni magumu, sabuni peke yake haitoi povu. Kijiko cha boraksi huyalainisha, povu likaingia kwenye nyufa na kuutoa ule unga uliong'ang'ania. Mwisho kabisa mawe yalirudi pipani na sabuni iliyokwanguliwa, boraksi na maji matupu, yakazunguka bila msasa. Hatua hiyo tuliiita kuogesha. Baada ya kuogesha, Fundi Mkuu alichota maji ya suuza ya mwisho kwenye glasi, akayainua usawa wa dirisha.

"Dirisha silioni vizuri," alikuwa akisema. "Rudia."

Na ulirudia, hata mara ngapi, mpaka alione.

Lilibaki tope. Kila hatua ilitoa tope la kijivu, yaani jiwe lililosagwa na kuchanganyika na msasa. Halimwagwi mferejini, kwa sababu likikauka hushikana kama saruji, na mfereji unakuwa umekwisha. Msimamizi wa Karakana, mtu mpole aliyependa kutugawia vitu, ndiye aliyepata wazo.

"Chukueni mkasiribie nyumba zenu," alisema. "Mnanunua saruji ya nini?"

Tulimshukuru kwa moyo. Nilibeba ndoo mbili kwa baiskeli hadi nyumbani, na Kabula, mke wangu, ambaye wengi mnamjua kama Mama Kulwa, alifurahi kuliko siku niliyomletea kanga za Pasaka. Alilichanganya na udongo wa kichuguu, akalipaka sakafu ya chumba kizima kwa viganja vyake. Nilimletea pia akiki moja nyekundu iliyokataliwa kwa sababu ya ufa, akaitumia kusugulia sakafu kabla haijakauka, kama wanawake wa kwetu wasuguavyo kwa jiwe la mtoni. Ile sakafu ilitoa mng'aro. Majirani walikuja kuitazama, wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Kila mvua zilipoisha aliongeza tabaka jipya. Na kila asubuhi alifagia, maana Mama Kulwa alikuwa mtu wa usafi wa kuudhi. Alifagia hata palipofagiwa. Vumbi lake lilikuwa jepesi, linaning'inia kwenye mwanga wa mlangoni, nami nikimtania kwamba anafagia jua.

Kisha nilihamishiwa tawi la Geita, tukang'arisha lile jiwe la chuma lenye mistari myekundu na ya fedha. Familia ilibaki Maganzo. Meneja wa huko alikuwa mtu wa amri fupi. Alikataza kuvunja jiwe kavu, kila nyundo ilipigwa chini ya maji yanayochuruzika. Tope alikataza kabisa lisikauke. Lilizikwa shimoni likiwa bado na maji juu yake.

Nilimuuliza sababu. "Bosi, kwetu Maganzo tunasiribia nyumba. Hapa mnazika mali?"

"Huo ndio utaratibu," alijibu bila kuinua macho. "Wewe osha mawe."

Nikaosha mawe. Yule mtu alijua, au alifundishwa na mtu aliyejua, na sentensi moja tu ingemtosha kunieleza. Nimemkasirikia tangu siku niliyoelewa, na hasira hiyo haijapungua. Amri bila sababu haisafiri. Mimi amri ile niliiacha hukohuko Geita siku nilipopanda basi la kurudi nyumbani kustaafu.

Nilimkuta Mama Kulwa amepungua. Kwenye ujumbe wa simu alikuwa akiniambia ni mafua. Sasa alikuwa akipanda ngazi mbili za mlangoni anasimama, anashika kizingiti, anavuta pumzi kama mtu aliyetoka kukimbia. Zahanati walisema kifua kikuu, akameza dawa zote bila kuruka siku. Hakupona. Wakamrudishia dawa zilezile. Tukaenda hospitali kubwa.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mtaratibu. Aliitundika picha ya kifua kwenye mwanga, akaniangalia mimi badala ya mgonjwa.

"Shikamoo, baba. Wewe unafanya kazi gani?"

"Marahaba. Nilikuwa naosha na kung'arisha mawe, mpaka nilipostaafu."

Akaagiza nami nipigwe picha. Mapafu yangu yalikuwa mazima. Maisha yangu yote ya kazi nilishika tope lenye maji, na lenye maji halipeperuki. Daktari akamgeukia mke wangu.

"Mama, hili ni vumbi la mawe. Limejaa, limeacha makovu, na makovu hayo hayana dawa. Umewahi kuvunja kokoto? Kusaga mawe ya dhahabu?"

"Hajawahi hata kuingia karakana," nilijibu mimi.

Mama Kulwa akasema polepole, akipumzika kati ya maneno, "Daktari, mimi nafagia tu."

Yeye ndiye aliyeuliza, tulipofika nyumbani na kuiona sakafu ile ikimeremeta. "Baba Kulwa, ni hii?"

"Ni hii, mayu," nilimjibu, nikimwita mama kwa lugha ya kwetu.

Nilimkalisha nje kwenye kiti, nikafanya kitu pekee nilichokijua. Nikakwangua sabuni, nikatia boraksi kwenye maji, nikapiga magoti na kuiosha sakafu. Maji yalitoka ya kijivu. Nikasuuza, nikarudia. Nikayachota kwenye glasi, nikayainua mlangoni kama Fundi Mkuu. Mlango sikuuona. Niliosha mpaka mikono ikachubuka, na maji yaliendelea kutoka kijivu, kwa sababu nilikuwa naosha uchafu wenyewe.

Nikaleta jembe. Mama Kulwa akainua mkono.

"Usiibomoe. Nimeitengeneza mwenyewe kwa mikono hii. Nikishaondoka, fanya utakavyo."

Nikakubali, Mungu anisamehe. Tulihamia chumba cha nje, na kila asubuhi niliimwagia maji ile sakafu isije ikakauka. Alifariki kabla ya mvua, ameketi, kwa sababu kulala kulikuwa kumemshinda.

Siku ya msiba kina mama walifika na mikeka yao ili wakae ndani, kama desturi ilivyo. Dada yake alishika fagio kuandaa chumba cha kumlaza marehemu. Nilimnyang'anya.

"Shemeji, usifagie."

Alinitazama, machozi yakimtiririka. "Hata kufagiliwa humtakii? Mtu aliyekufagilia maisha yake yote?"

Nilichukua ndoo, nikamwaga maji chumba kizima, mikeka ikalowa, watu wakanong'ona kwamba mzee amechanganyikiwa. Waombolezaji walikaa nje kwenye jua kali. Wapo ambao hadi leo hawanisalimu.

Baada ya mazishi niliibomoa ikiwa imelowa chepechepe, tabaka baada ya tabaka, nikaizika shimoni na maji juu yake, kwa utaratibu wa Geita. Kisha nikaenda kwa majirani waliokuwa wamesiriba kama sisi, nikawaeleza sababu. Wawili walibomoa. Mmoja aliniambia sakafu yake ni nzuri na yeye hakohoi.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaonunua mapipa na kuanza kazi hii. Tope lisikauke. Msilipeleke nyumbani, msimpe mtu. Na mkimwambia mfanyakazi asifanye jambo, mwambieni litamuua nani.

Ile akiki nyekundu niliikuta juu ya dirisha, alipoiweka mara ya mwisho aliposugua. Nilikwangua sabuni kidogo, nikatia boraksi, nikaiosha, nikachota maji ya suuza kwenye glasi. Yalikuwa safi mara ya kwanza. Niliona dirisha lote, na kiti chake kule nje.