Kwao Namoni ni Wapi

Wambugu wa duka la vitabu pale mtaa wa Bulla Pesa, Isiolo, ndiye aliyemuuliza Tiya Jillo kwao ni wapi, na ndiye mtu wa kwanza kumwambia kwamba anaweza kujibu uongo.

Tiya alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Serikali za kaunti zilikuwa zimefikisha mwaka wa sita, na yeye alikuwa mwalimu wa chekechea, mmoja wa wale walioajiriwa baada ya shule za watoto wadogo kuwekwa chini ya kaunti. Siku ya usaili, mwanamke mmoja kwenye foleni alimuuliza kwa tabasamu baba yake ni wa ukoo gani, na babu, na baba wa babu. Tiya aliyataja majina yote bila kukwama. Alifundishwa akiwa mdogo na hakuwahi kuyasahau. Lakini yule mwanamke alipogeuka, Tiya aliyarudia yote kimoyomoyo, akitafuta kama kuna alilokosea.

Tangu ugatuzi uje, swali hilo lilikuwa limezidi mjini. Liliulizwa penye chai kazi ikitangazwa. Liliulizwa kabla ya uchaguzi. Na siku za vurugu liliulizwa barabarani, na watu wasiotabasamu.

Ukweli ni kwamba Tiya hakuzaliwa na Jillo, yule aliyemwita baba. Alikuwa na miaka mitano hivi Jillo alipomleta kijijini Biliqo akiwa amembeba mgongoni. Miaka ile kila kabila la wafugaji lilikuwa likivamia mifugo ya jingine, na hakuna aliyemuuliza Jillo mtoto kamtoa wapi. Mkewe, Chachu, alikuwa bado hajapata mtoto. Alimnyoa nywele, akampaka samli kichwani, akampa jina. Waborana wana neno la jambo hilo, guddifacha. Mtoto akishapokelewa hivyo ni wa nyumba na wa ukoo, na anayesema alitoka kwingine anaiaibisha nyumba nzima. Chachu alimweleza mara moja tu, akimsuka: yule aliyekuwa huko amekwisha, wewe ni Tiya wa Jillo. Hayakutajwa tena. Miaka minne baadaye Abdub akazaliwa, akakua akijua ana dada mmoja wa tumbo moja.

Lakini Tiya alikumbuka. Alikumbuka kichaka chenye miiba, asubuhi, na harufu ya moshi. Alikumbuka mkono wa mwanamke mdomoni mwake, na maneno: wakikuita, usiitike. Kisha mkono ukaondoka. Baadaye, jua likiwa limepanda, alisikia jina lake likiitwa. Sauti ilikuja karibu, ikaenda mbali, ikarudi. Alikuwa mtoto mtiifu, hakuitika. Aliyekuja kufungua matawi alikuwa Jillo. Nani aliyekuwa akiita, hakuwahi kujua, na umri ulivyosonga aliona afadhali asijue.

Basi, Wambugu. Alikuwa mtu wa Nyeri aliyekuja Isiolo kuuza madaftari na kutoa nakala za mitihani, mcheshi, mwenye tumbo lililomtangulia. Mwaka huo alirudi kutoka Nairobi na mfuko wa dadu zenye pande nyingi na kitabu kinene cha sheria za mchezo ambao, kwa maelezo yake, hauna mshindi. Watu wanaketi mezani, kila mmoja anajitungia mtu wa nchi isiyokuwepo, nchi ya majoka na wachawi. Msimulizi anawapitisha katika hatari, na dadu ndizo zinazoamua nani anapona. Msimulizi alikuwa ni yeye. Wachezaji aliwapata watatu: Mukami mwenye duka la dawa la jirani, Abdub, ambaye siku hizi alikuwa dalali wa mbuzi na ngamia sokoni, na Tiya, aliyekubali kuvutwa na Mukami kwa kuwa binti yake mwenyewe alikuwa shule ya bweni na Jumamosi zake zilikuwa ndefu.

Mkutano wa kwanza Wambugu aliwagawia karatasi. Kabla ya kucheza, alisema, kila mtu aandike historia ya mhusika wake: jina lake, kwao ni wapi, nani alimlea, anaogopa nini. Tiya alipoona swali la pili aliuliza kama ni lazima lijibiwe. Wambugu alicheka. Akamwambia, Mwalimu, danganya unavyotaka, hapa anayedanganya vizuri ndiye anayesifiwa.

Aliandikia shuleni, wiki hiyo, wakati watoto wamekunywa uji na kulala kwenye mikeka. Alikaa kwenye kiti kidogo cha watoto, akashika kipande cha penseli. Alidhani itamchukua siku nyingi, lakini ilimchukua muda wa usingizi wa watoto. Mhusika wake alikuwa mwindaji wa kike, mpiga mishale, kutoka nchi ya milima ya chumvi. Watu wake walikuwa na macho ya kijani na walifuga ndege wakubwa badala ya ng'ombe. Asubuhi moja ndege wao waliibwa na nyumba zikachomwa. Msichana akafichwa kichakani, akaambiwa akiitwa asiitike. Akalelewa na mtu wa nchi nyingine. Jina lake, Namoni. Penye swali la mwisho, anaogopa nini, aliandika neno moja: kuitwa.

Alipoisoma tena aliona amedanganya kila kitu isipokuwa kichaka na jina. Alichukua kifutio. Akaifuta milima ya chumvi, akaiandika upya. Jina alishindwa kulifuta. Lilikuwa lake, na hakuwahi kuliona limeandikwa popote. Isitoshe, alijiambia, Baba ni marehemu, walio hai wanaolijua ni wawili, mimi na Mama, na Mama sasa hasemi.

Hilo la Mama lilikuwa kweli kwa kadiri alivyojua. Chachu alikuwa akiishi kwa Abdub na kusahau kulikuwa kumemwingia. Tiya alimtembelea jioni baada ya kazi, akamkuta amenyamaza, anaangalia ukuta.

Jumamosi ya pili walikutana chumba cha nyuma ya duka, katikati ya maboksi ya vitabu, saa nane mchana, joto likishuka kutoka kwenye mabati. Abdub aliingia wa mwisho na salaam aleikum yake ya sokoni, ile inayosikika mtaa wa pili. Mukami ndiye aliyesoma kwanza. Mhusika wake alikuwa mwizi, binti wa kuhani, aliyekimbia nyumbani kwa sababu ya kuchoshwa na mahubiri. Walicheka, kwa maana mume wa Mukami alikuwa mzee wa kanisa. Wa Abdub alikuwa jitu lenye nguvu linalopatanisha bei kati ya majoka na wafalme.

"Hata huko bado wewe ni dalali," Mukami akamwambia.

"Joka nalo linahitaji mtu wa kulisemea," Abdub akasema.

Kisha ikawa zamu ya Tiya. Alisoma kwa sauti ya darasani, pole pole, na kwa mistari ya mwanzo hakuogopa. Alipofika kwenye jina aliona Abdub ameinua kichwa. Alipofika kwenye kichaka, Abdub alikuwa ameacha kuchezea dadu. Tiya aliendelea kusoma kwa kuwa hakujua angeacha vipi. Alipomaliza, ndugu yake alikuwa akimtazama vile anavyotazama meno ya mbuzi anayeambiwa bado ni mchanga.

Wambugu hakuona kitu. Alifurahi mno. Alitoa kalamu nyekundu na kusema hiyo ndiyo historia aliyokuwa akiitaka, historia yenye mlango wa kuingilia. Ila kuna pengo, akasema.

"Huyu msichana aliitwa, ukasema. Nani alikuwa akimwita?"

Tiya akasema hajui.

"Lazima ujue, Mwalimu. Wewe ndiye uliyemtunga. Kama ni adui, sawa, aliponea chupuchupu. Lakini kama ni watu wake?" Akachora duara jekundu kwenye karatasi. "Nenda nalo nyumbani. Jumamosi ijayo nataka jibu."

Walicheza kwa muda wa saa mbili. Namoni alivuka mto, akapiga mshale, akakosa. Tiya alirusha dadu alipoambiwa arushe na hakuweza kusoma namba zake, Mukami ndiye aliyemsomea. Alikuwa akihesabu maneno ya Abdub, ambaye kwa kawaida hanyamazi, na ambaye alikuwa amesema matatu. Aliwaza kila kitu kwa pamoja. Aliwaza ndugu wa baba huko Biliqo, na kikao cha ukoo kitakachoitwa. Aliwaza yule mwanamke wa foleni. Aliwaza binti yake bwenini, anayetaja majina ya mababu kwa fahari, bila kukwama. Miaka thelathini na sita alikuwa amekaa kichakani bila kuitika, na sasa amejitoa mwenyewe, kwa kipande cha penseli, kwa ajili ya mchezo.

Walipotoka, Abdub hakupanda pikipiki yake. Aliikokota, akatembea kando ya dada yake. Walipita wauza miraa waliokuwa wakifungua mizigo iliyofungwa kwa majani ya ndizi. Abdub aliitikia salamu za watu wawili, kisha akasema bila kugeuza uso:

"Namoni ni nani?"

"Nimemtunga."

"Lini?"

"Juzi. Shuleni."

"Mama alimtunga mwezi uliopita," Abdub akasema.

Tiya alisimama. Abdub akamweleza kwa sauti ya chini. Kila asubuhi, akiamka tu, Mama anaita. Namoni, Namoni. Anaita kuelekea mlangoni, kisha anangoja. Ikifika saa nne ananyamaza mpaka kesho yake. Abdub alidhani ni mtoto aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, akaona uchungu kumuuliza, akaona uchungu pia kumwambia dada yake. Alikuwa akimjibu tu kwamba Namoni yuko njiani.

Baada ya hapo alifanya kitu cha ajabu. Sokoni madalali hupatana bei kwa vidole, mikono ikiwa imefichwa chini ya shali ili wengine wasione. Abdub aliingiza mkono wake chini ya ushungi wa dada yake, akaushika mkono wake. Hakushika kidole kimoja wala viwili. Alishika mkono wote, na Tiya hakujua mkono wote ni bei gani. Akamwambia kesho aje mapema.

Usiku ule Tiya hakulala, na alfajiri alitoka akiwa hajanywa chai. Njiani alifikiria mara mbili kurudi. Angeweza kusema anaumwa. Angeweza kusema jina alilisikia kwa mtoto wa darasani. Uongo ulikuwa mwingi na wote ulikuwa mzuri, Wambugu angemsifu. Lakini miguu iliendelea, na mlango wa Abdub ulikuwa wazi.

Chachu alikuwa ameketi kitandani, amefungwa shuka mabegani, macho yake yakiwa mlangoni. Abdub alisimama karibu na dirisha akiwa amemshikia mama yake kikombe cha maziwa. Tiya aliingia na kusimama ukutani, palipokuwa na kivuli.

"Namoni," Chachu akaita.

Tiya hakuitika. Ndivyo alivyofundishwa.

"Namoni."

Abdub alimtazama dada yake, akamgeukia mama, na kwa upole mwingi akamuuliza kwa Kiborana jina hilo alilisikia wapi.

Kwa muda Chachu alionekana kama aliyesahau tena. Kisha alizungumza, bila taabu, kama anayeeleza jambo la jana.

"Kwa Jillo. Wenzake walirudi na ng'ombe. Yeye alirudi na msichana. Nikamuuliza, huyu ana jina? Akasema analo, nimelisikia. Watu wa msichana walikuwa wakimtafuta, wakiita Namoni, Namoni, na hakuna aliyeitika. Wakaondoka. Ndipo akaenda kumchukua."

Abdub aliweka kikombe dirishani polepole sana, maziwa yakamwagika kidogo, hakuyafuta. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Tiya aliona kwamba yeye pia ameibiwa kitu. Tangu jana alikuwa na baba aliyemwokoa mtoto. Sasa ana baba aliyeenda na wenzake, akajificha, akangoja wanaoita wachoke.

Tiya alikuwa amedhani kwamba siku atakapojua nani aliyekuwa akiita ataanguka. Hakuanguka. Alisimama palepale, na hofu yote aliyokuwa nayo ilikuwa bado iko, ya ukoo, ya kazi, ya barabarani siku za vurugu. Ila kulikuwa na nyingine iliyoingia juu yake, kubwa kuliko zote. Watu wake walikuwa hai. Asubuhi ile walikuwa hai, walikuwa hatua chache kutoka kichakani, na neno moja lake lingetosha.

"Hawakukosea kuita," Chachu akasema, kwa sauti ya kulalamika sasa, akiwatazama wote wawili kama wageni. "Mtoto ndiye hakuitika. Mimi namwita kila siku. Nataka nimwambie wameshaondoka, atoke."

Akageukia mlango, akakaza shuka yake.

"Namoni!"

Abdub aliinamisha kichwa. Hakumwangalia dada yake, wala hakumwambia aitike au asiitike. Huko nje mtu alikuwa akipita na punda wa maji, akimfokea. Tiya alitoka ukutani. Alipiga hatua moja, mbili, mpaka mwanga wa mlangoni ukamwangukia usoni, na macho ya kikongwe yakampata.

"Abee," akaitika. "Niko hapa, Mama."

Chachu alimtazama, akasogea kitandani, akamwachia nafasi ya kukaa.