Kenkina Yetu ya Kipese

Bwana yangu alikuwa shofere ya kamyo, na hakupenda kamyo. Batu bakisikia hivi banashangaa, sababu mu Butembo ya wakati ule shofere alikuwa mutu mukubwa: alileta samaki, alileta mafuta ya ngazi, ile ya mawese, ya Beni, na habari ya kila mahali. Mais yeye mugongo ilimuuma, na kila alipopita barabara ya Beni mupaka Oicha alirudi na uso ya mutu mwenye kutoka kuzika. Donc, mwaka ya kwanza ya ndoa yetu aliniambia anataka kuacha kazi mbele ya kuzeeka. Hapana kungojea nywele nyeupe. Akifikisha miaka makumi ine na kidogo, anashuka mu kamyo na hapandi tena.

Nilimucheka. Kwetu mutu anaacha kazi siku anawekwa mu sanduku. Retraite ni neno ya bakarani ba serikali, na hata bao habaioni. Akanijibu kama sisi tutaipanda wenyewe mu udongo.

Tukapanda kenkina ku Kipese, mu kilima ya baba yake. Kenkina ni mti yenye ganda chungu, ile banatengeneza nayo dawa ya malaria. Mais ganda inataka miaka kumi, hata zaidi, ili ikuwe kali. Mbele ya pale ni kuni tu, pikia maharagi yako. Tulipanda na mikono yetu, mimi na mimba ya mutoto ya kwanza, yeye na mugongo yake ya shofere.

Sasa, alikuwa mutu ya kupima. Kila Bonane, siku ya mwaka mupya, kisha misa, tulipanda Kipese na kaye moja ya masomo. Mule aliandika mambo tuliyotaka kufikia: nyumba ya mabati kule kule, shamba ya viazi na vitunguu, ngombe mbili ya maziwa, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, KUSHUKA MU KAMYO. Jambo ikitimia, anaipigia musitari. Halafu anaingia mu shamba, anatafuta miti kumi, ile ile kila mwaka, na kuizungusha na mikono mbili. Vidole ikigusana, mti ingali changa. "Siku vidole itashindwa kukutana," aliniambia, "siku ile nashuka." Akaandika: mwaka hii vidole inapandana mupaka ku kiungo ya pili. Mwaka yenye kufuata: kiungo ya kwanza. Mimi nilimuchokoza, nikamuuliza miti itazaa lini, kama anaipima sawa vile bamama ba mimba. Alicheka, na kuandika tu. Niseme ukweli, pole pole yake ilinichosha. Mimi ni mutu ya haraka. Sufuria ikichelewa kuchemka, naongeza kuni.

Vita ya kwanza ilipita juu ya kichwa yetu, hakuna hata mti moja ilianguka. Ya pili ilikuja na kukaa. Mwaka ile vidole yake ilikuwa inagusana ku makucha tu. Ilibaki miaka mbili, pengine tatu. Akaenda Beni na muzigo ya maharagi, barabara ikafungwa nyuma yake, mimi nikabaki Kipese kwa mama yake, na batoto, bila habari yake.

Ni pale habari ingine ilipanda kilima. Batu balitoka soko ya Kirumba na kusema basoda, askari ba vita, banaingia mu mashamba ya kenkina, banachuna miti, na mwenye shamba ndiye anabebeshwa ganda yake mwenyewe mupaka ku kamyo yao. Sikuuliza nani aliona na macho. Jirani mumoja akaanza kukata, ya pili akafuata, na kilima muzima ikajaa sauti ya panga. Mama mukwe, mama ya bwana yangu, alinishika mukono na kusema nimungojee kwanza mwenye shamba. Nilimujibu neno ambayo nasikia haya kuiandika. Nikaita bamama tuliokuwa tunalima nabo kwa zamu, na mu siku tatu tukalaza shamba yote. Tulipiga miti na fimbo ili ganda ilegee, tukachuna, tukaanika ku jua. Na nilikuwa na furaha, niandike ile pia. Niliona nimebashinda basoda.

Basoda habakupanda kwetu, hata mumoja, hata siku moja. Tulishusha ganda Butembo kwa muzee mumoja mwenye kununua kenkina. Alivunja kipande, akaiweka ku ulimi, akangojea kidogo, halafu akatema pembeni na heshima. "Mama," akasema, "hii ingali mutoto." Aliikamata kwa huruma tu. Kilima muzima ya Kipese ilimuletea batoto mwaka ile.

Bwana yangu alirudi kisha majuma tatu. Tulipanda pamoja kwenda shamba. Alisimama katikati ya visiki. Mimi nilingojea anitukane, nilitaka anitukane. Akaniuliza tu nani aliona basoda. Nikasema hakuna.

"Maji imekwisha kumwangika, mama ya batoto," akasema. "Visiki itaota. Mimi nitaendesha tu."

Aliendesha miaka ine. Mwaka ya ine, mbele kidogo ya Mbau, batu ba silaha balingojea kamyo mu kona. Benzake balimuzika Beni kesho yake, sababu barabara haikukuwa ya kupitisha maiti, na mimi nilifika kisha siku tano, udongo imekwisha kukauka. Nilihesabu pale pale ku kaburi. Kama miti ingesimama, angekuwa amekwisha kushuka, angekuwa Kipese analima viazi.

Ku kilio bote balisema vita imemuua. Nilipokea pole yao, nikakubali ni vita. Mama mukwe akahamia kwetu, na kila mugeni akikuja alimuambia mimi nilikuwa bibi muzuri kwa mutoto yake. Ile sifa ilinikata kuliko matusi. Mangaribi moja, alikuwa anachagua maharagi, ikanishinda.

"Mama, si vita. Ni mimi nilimurudisha mu kamyo."

Aliendelea kutoa maharagi mubaya, moja moja. Nikafikiri hakusikia, masikio yake ilikuwa imechoka.

"Najua," akasema kisha. "Batoto, usibaambie."

Sikubaambia. Mama mukwe mwenyewe kisha tulimuzika, na nikaendelea kunyamaza. Batoto bangu bamekuwa batu bakubwa, na bao pia banaambia batoto babo kama vita ilikula babu. Sasa binti yangu mukubwa, ule nilikuwa na mimba yake tukipanda, ameniomba niandike maisha ya baba yake, ili bajukuu bamujue. Aliniletea karatasi na bic mbili. Nimemaliza leo, na atakuja kuichukua kesho asubui.